Pazia la Mikono ya Kushoto

Kwa maelezo ya jirani yetu, kiwanda cha sabuni kimeajiri mtoto mchanga.

"Nawaambieni, ameajiriwa!" alisema. Alikuwa amesimama mlangoni kwetu, kitambaa cha kufutia chupa kikiwa begani. "Ana kiti chake. Ana chumba chake. Mama yake anaacha mashine, anakwenda kumnyonyesha, na wakati huo unahesabiwa kama yuko kazini. Ni sheria mpya! Mwenye kiwanda alipobisha, wakaja watu wa serikali na kufuli kubwa kama kichwa changu. Wakafunga."

"Wamefunga kiwanda?" aliuliza Shangazi.

"Walitaka kufunga. Akalia, wakamwonea huruma. Sasa wanapita mlango kwa mlango. Wanatafuta wote walioajiri wanawake wanaonyonyesha."

"Huyo mtoto ana mshahara?" aliuliza Mzee Pasi bila kuinua macho. "Nauliza tu. Mimi hapa nina mvi kichwa kizima na sijawahi kupewa kiti."

Tukacheka. Shangazi hakucheka.

Jirani huyu ni mama anayeuza soda na maji baridi ng'ambo ya barabara. Mtaa mzima unamwita Redio. Habari zake huwa na ukweli kidogo ndani yake, lakini chumvi anayotia inatosha sufuria ya harusi. Asubuhi hiyo alikuja na binti aliyemwajiri amsaidie dukani. Binti huyo ni mjamzito. Alisimama nyuma ya Redio na kreti ya soda mikononi, akisikiliza kila neno, mpaka Redio alipomwambia, "Twende, mbona umeganda?"

Karakana yetu ni ya kushona sare za shule. Mwenyewe ni Shangazi, dada wa baba yangu. Mimi namwita Shangazi kwa haki, lakini wafanyakazi wote wanamwita hivyo, na hata wateja waliomzidi umri. Mumewe anapiga pasi, ndiyo maana anaitwa Mzee Pasi. Mimi nashona vifungo. Nakaa karibu na dirisha, kwa hiyo naona anayeingia, anayetoka na anayepita.

Mkataji wetu ni mwanamke tunayemwita Mkasi. Akikata kitambaa, hakuna kipande kinachopotea. Alikuwa amerudi kazini baada ya likizo ya uzazi. Mtoto wake wa kike tulimpa jina la Kifungo, kwa sababu alizaliwa mdogo na mviringo. Kifungo alibaki nyumbani na bibi yake, mtaa wa pili.

Nilianza kuona jambo. Kila siku kabla ya saa sita, Mkasi alikuwa anaweka vipande vya kitambaa ndani ya blauzi yake. Hata hivyo, kifua kilikuwa kinalowa. Anavuta shuka moja la kitambaa, analitupia begani kama mtu anayepima, kumbe anajificha.

Siku moja nilikwenda uani kunawa mikono. Choo chetu tunachangia na kinyozi. Nikamkuta Mkasi nyuma ya mlango wa choo, kikombe mkononi. Alikuwa anakamua maziwa. Alipomaliza, akayamwaga.

"Mbona unamwaga?" nikamuuliza.

"Wewe ungempa mtoto maziwa yaliyokamuliwa chooni?"

"Na Kifungo anakula nini?"

"Bibi yake anampa uji mwepesi. Anautema. Muuguzi kliniki ameniambia bado ni mchanga, anyonye tu, asipewe kitu kingine. Nitamnyonyeshaje na mimi niko hapa?" Akafuta kikombe kwa upindo wa kitenge chake. "Jana nimemvalisha ile fulana yake ya njano. Imemlegea. Mtoto anakua, nguo inambana. Wa kwangu nguo inamlegea."

"Mwambie Shangazi."

"Nimwambie nini? Amenishikia nafasi yangu mpaka nimerudi. Nikianza kudai hiki na kile, ataniona sina shukrani. Na wewe usiseme."

Sikusema. Lakini Shangazi naye ana macho. Alikuwa ameiona ile blauzi. Na sasa Redio alikuwa ametuletea habari ya kufuli.

Kesho yake asubuhi, Shangazi alimwita Mkasi kwenye meza ya kukatia. Alisema kwa sauti ya upole kabisa.

"Mwanangu, nimekufikiria. Wewe nenda nyumbani. Mlee mtoto wako. Akishaanza kutembea, njoo, kazi yako utaikuta."

Mkasi alisimama na chaki mkononi. "Shangazi, unanifukuza?"

"Nani ametaja kufukuza? Nakupumzisha."

"Sijaomba kupumzika."

"Ndiyo maana nimekuonea huruma kabla hujaomba."

"Mtoto atanyonya huruma? Mimi nisipokula, maziwa yatatoka wapi? Nyumbani kwangu ninayefanya kazi ni mimi peke yangu. Unajua hilo."

"Najua, mwanangu. Lakini na mimi wakija kunifungia hapa, tutakula wapi sote?"

Mkasi akaweka chaki mezani. Akatundika mkasi wake kwenye msumari, akavaa viatu vyake, akatoka. Kishindo cha pasi kilikuwa kimenyamaza. Mzee Pasi alimtazama mkewe, kisha akatazama ukuta.

"Usinitazame hivyo," Shangazi akasema.

"Natazama ukuta."

Tulikuwa na kazi kubwa, makoti ya shule ya jirani. Shule ilikuwa karibu kufunguliwa. Kitambaa chenyewe kilikuwa kizito. Upande wa nje ni laini na wa ndani una manyoya, kwa hiyo huwezi kukigeuza. Shangazi alisema atakata mwenyewe. "Mimi nilikata nguo kabla Mkasi hajazaliwa," alisema.

Ni kweli alikata, lakini zamani. Alipanga kitambaa tabaka juu ya tabaka, pande zote laini zikiangalia juu. Akaweka kipande cha karatasi cha kupimia mkono, akachora, akakata. Alikata vizuri, mstari umenyooka kabisa. Ila alisahau kukunja kitambaa. Ukikikunja, unapata mkono wa kulia na wa kushoto kwa pamoja. Usipokikunja, inatoka mikono ya upande mmoja.

Mafundi walipoanza kuunganisha, mmoja akauliza, "Shangazi, mikono ya kulia iko wapi?"

Shangazi akapekua rundo. Akapekua tena. Mikono yote ilikuwa ya kushoto.

"Labda tuwaombe watoto waingie darasani ubavu ubavu," akasema Mzee Pasi.

"Mzee, nitakurushia hii pasi!"

Akaketi juu ya rundo la mikono, akashika kichwa. Ndipo tukasikia sauti ya Redio kutoka ng'ambo: "Wamekuja! Wamekuja! Fungeni!"

Nilichungulia dirishani. Mwanamke mmoja alikuwa anavuka barabara. Amevaa koti la bluu na kitambulisho kifuani. Shangazi aliruka, akaanza kuvuta mlango.

"Msifunge, tafadhali," yule mwanamke akasema. "Nina shida." Akafungua kiganja. Ndani kulikuwa na kifungo. "Kimedondoka, na mchana nina mkutano. Mnaweza kunisaidia?"

Fundi hawezi kumfukuza mtu aliyeshika kifungo. Shangazi akaacha mlango. Mgeni akavua koti, akanipa mimi. Kitambulisho chake kilisomeka: Afisa wa Kazi.

Akaketi kwenye kiti cha wateja. Shangazi alisimama mbele ya lile rundo la mikono, amelikinga kwa sketi yake. Alikuwa na swali, nililiona limemkaa kooni. Lakini koti likiwa tayari, afisa ataondoka. Basi nikatunga uzi taratibu. Nikafumua uzi wa zamani mmoja mmoja. Nikatazama vifungo vingine.

"Na hiki kimelegea," nikasema. Kilikuwa kimelegea kidogo tu. "Nikishone nacho?"

"Kishone, binti, asante."

Shangazi akakohoa. "Mheshimiwa, kuna rafiki yangu. Ana karakana."

"Kama hii?"

"Kama hii hii. Ana mkataji anayenyonyesha. Sasa yeye, kwa huruma, amemwambia akae nyumbani mpaka mtoto atembee. Huyo rafiki yangu ana kosa?"

"Huyo rafiki namfahamu," akasema Mzee Pasi. "Tunalala kitanda kimoja."

Afisa akaangua kicheko. Shangazi akaficha uso kwa kiganja, kisha na yeye akacheka, machozi yakimtoka.

"Mama, kaa," afisa akasema. "Sikuja kufunga mtu. Tunapita kueleza sheria iliyobadilika, ili watu waijue kabla hawajakosea. Wewe umesikia nini?"

"Nimesikia mtoto ameajiriwa kiwanda cha sabuni, na mmefunga kiwanda kwa kufuli."

"Nani amekwambia?"

Sote tukatazama ng'ambo. Redio alikuwa anafuta chupa moja ambayo ilikwisha kuwa safi zamani.

"Hakuna mtoto aliyeajiriwa," afisa akasema. "Kilichobadilika ni hiki. Mama akirudi kutoka likizo ya uzazi, anarudi kwenye kazi yake ile ile. Huruhusiwi kumwondoa kwa sababu amezaa au kwa sababu ananyonyesha. Na akiwa kazini, anapewa muda wa kunyonyesha au kukamua maziwa. Muda huo ni wa kazi. Humkati mshahara."

"Lakini mimi si kiwanda. Mimi ni Shangazi tu na cherehani zangu."

"Unamlipa mtu akufanyie kazi?"

"Ndiyo."

"Basi wewe ni mwajiri. Ukubwa wa nyumba si hoja. Hata mwenye duka la msaidizi mmoja ni mwajiri."

"Na mimi sikumfukuza. Nilimpumzisha."

"Aliomba?"

Shangazi akainamia sketi yake.

"Asipoomba, mama, hilo ni kufukuza, hata ukilisema kwa upole. Huruma yako ni nzuri. Lakini mwenye kujua anachohitaji ni yeye. Ulimuuliza?"

"Sikumuuliza," Shangazi akasema polepole. "Niliogopa. Nilidhani nitatakiwa nijenge chumba. Nitajenga wapi? Tazama, hata pasi na meza vinagombania nafasi."

"Nani amesema ujenge? Sheria inataka mahali safi. Pasiwe chooni. Awe na kiti, maji ya kunawa karibu, na asichunguliwe na watu. Basi. Kama maziwa yanakamuliwa, kuwe na chombo safi chenye kifuniko na mahali pa baridi pa kuyaweka. Saa mnapatana nyinyi wawili, yeye na wewe. Mkishapatana, andikeni, kila mmoja abaki na nakala, ili kesho asitokee mtu wa kusema sikusema."

"Na mtoto akiletwa hapa hapa anyonye?"

"Mletaji akiwepo, na mahali pakiwa salama, kuna ubaya gani? Ila asilazwe karibu na mashine wala pasi." Akanigeukia. "Binti, kifungo kimoja hiki kinashonwa mpaka Ijumaa?"

"Nimemaliza," nikasema haraka.

Alivaa koti lake, akalifunga, akatabasamu. Nadhani alikuwa ameelewa tangu kifungo cha pili. Mlangoni akageuka. "Sheria zinabadilika, mama, na kila mahali zina utaratibu wake. Ofisi yetu ya kazi iko wazi, na kuuliza hakulipiwi. Njoo uulize kabla hujaamua. Mimi nitapita tena nione mmefikia wapi."

Alipoondoka, Shangazi alichukua mtandio wake. "Twende," akaniambia.

Mkasi alikuwa kibarazani kwake, Kifungo kifuani. Mtoto alikuwa ananyonya kwa haraka, ngumi amekunja, kama anayeogopa kunyang'anywa. Fulana ya njano ilimning'inia mabegani. Shangazi aliitazama ile fulana kwa muda mrefu.

"Karibuni," Mkasi akasema. Hakusimama.

"Mwanangu, nimekuja kukuomba radhi. Nilisema nakupumzisha. Nilikufukuza. Sikukuuliza hata neno moja."

Mkasi akamhamishia mtoto ziwa la pili. Kisha akaniuliza mimi, "Makoti nani anakata?"

"Shangazi."

"Mikono imetoka?"

"Imetoka," nikasema. "Yote ya kushoto."

Mkasi alijizuia. Akauma mdomo. Mwishowe akacheka mpaka Kifungo akaachia ziwa, akatutazama kwa hasira.

"Cheka, cheka," Shangazi akasema. "Nimestahili. Sasa sikiliza. Rudi kwenye meza yako. Utapata muda wa kunyonyesha, na haukatwi mshahara. Nitakusafishia stoo ya vitambaa, ukae humo."

"Stoo?" Mkasi akatikisa kichwa. "Mle mna vumbi la nyuzi, Shangazi. Hata mimi nikiingia napiga chafya. Mtoto je?"

Nikaona Shangazi anataka kujibu, akajizuia. Akavuta pumzi. "Basi wewe unataka wapi?"

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiuliza hivyo.

Mkasi akafikiri. "Pale wateja wanapojaribia nguo. Pana kiti, pana kioo, na bomba la maji liko karibu. Ila lile pazia ni jepesi. Mtu akisimama linaonyesha magoti."

"Na wateja watajaribia wapi?"

"Watasubiri anyonye. Kunyonya si kushona koti, Shangazi. Hakumalizi mchana."

Wakapatana pale pale kibarazani. Bibi atamleta mtoto katikati ya asubuhi, na tena baada ya chakula cha mchana. Shangazi aliyasema maneno, mimi nikayaandika, wakatia saini wote wawili, nikaandika na nakala ya pili. Bibi alitoka ndani, akauliza, "Na mimi mletaji nitapewa nini?" Shangazi akasema, "Chai." Bibi akasema chai inatosha, mradi iwe na maziwa.

Pazia tulilipata wapi? Mzee Pasi ndiye aliyeona. "Tuna mikono mingi ya kushoto iliyozidi, na haina mwenyewe," akasema. Tukaikusanya, tukainyoosha, akaipiga pasi, mafundi wakaiunganisha kipande kwa kipande. Likatoka pazia zito la bluu, refu mpaka sakafuni. Lina mishono mingi kama ramani ya mito. Mimi nilitia vifungo upande wa ndani, ili mama akiingia ajifungie mwenyewe, asifunguliwe na mtu wa nje.

Mkasi aligeuza karatasi ya kupimia, akakata kwenye kitambaa kilichobaki mikono ya kulia iliyokosekana. Kitambaa kilitosha kwa shida, lakini kilitosha. Makoti yalikwenda shuleni kabla milango haijafunguliwa. Hakuna mtoto aliyeingia darasani ubavu ubavu.

Afisa alipita kama alivyoahidi. Alivuta pazia, akagusa kiti, akafungua bomba. Akamuuliza Mkasi peke yake kama mambo ni sawa, huku Shangazi akiambiwa asubiri nje. Mkasi akajibu ni sawa. Kisha afisa akatazama mishono ya pazia, akauliza mbona kila kipande kimekatwa upande mmoja. Mzee Pasi aliinama sana juu ya pasi yake.

Sasa Kifungo ni mteja wetu wa kila siku. Bibi akikohoa mlangoni, Mkasi anaweka chaki chini, ananawa, anaingia nyuma ya pazia. Tunasikia mtoto akinyonya, taratibu, bila ngumi. Blauzi ya Mkasi ni kavu. Ile fulana ya njano haivaliwi tena. Imembana mpaka kitovu kinachungulia, na Shangazi mwenyewe amemkatia nyingine. Mkasi alimwambia, "Hakikisha ina mikono miwili."

Juzi Redio alikuja na yule binti wa dukani. Tumbo la binti lilikuwa limekua, na kreti ya soda ilikuwa imeegemea juu yake. Nyuma ya pazia Kifungo alikuwa kazini.

"Mnaona?" Redio akasema kwa fahari. "Nani aliwaletea habari? Si mimi? Nilisema mtoto ameajiriwa, mkacheka. Haya, huyo hapo! Anakuja kwa saa, anaondoka kwa saa, ana ofisi na ana pazia. Kampita hata Mzee Pasi!"

"Kanipita," Mzee Pasi akakubali. "Mimi bado sina kiti."

Binti alikuwa ameweka kreti sakafuni. Alisogea mpaka kwenye pazia. Akalipapasa taratibu, mshono kwa mshono, mpaka kidole chake kikafika pembeni, pale vifungo vinapoanza. Kisha akageuka.

"Mama," akamwambia Redio, "na mimi nikishajifungua, utaniwekea pazia?"

Redio akafungua mdomo. Tulingoja. Cherehani zilisimama, na Mzee Pasi alibaki ameshika pasi hewani. Katika mtaa wetu hakuna aliyewahi kumsikia Redio akikosa la kusema.

Alitazama ng'ambo ya barabara, kwenye duka lake. Aliitazama friji, na ile kona ya ndani anakorundika kreti tupu. Akaitazama kona hiyo kwa muda.

Aliinama, akainyanyua kreti ya soda yeye mwenyewe, akavuka nayo barabara. Binti akamfuata nyuma, mikono mitupu.